Swali la Tatu

Nianze na mguu, maana nyumbani kwangu hakuna anayetaka kuutaja. Ni mguu wa kulia wa msichana anayeitwa Isimbi, miaka ishirini na mitatu, fundi cherehani. Ana kibaraza chake nyuma ya soko la Gisenyi, na cherehani yake ni ile ya kukanyaga kwa miguu. Pikipiki ilimgonga akivuka barabara na fundo la vitambaa kichwani, mfupa ukatoka nje ya ngozi. Daktari Rutagengwa akamfungia vyuma, akamlaza kitanda namba saba katika wodi ya upasuaji ya wanawake, akamwambia: "Binti, mguu huu utapona. Tuombe tu kidonda kibaki kisafi." Kidonda kibaki kisafi, basi. Na mimi, Gwiza, muuguzi wa mapokezi wa hospitali hiyo hiyo, ndiye niliyewekwa kulinda mlango.

Nasema mlango kwa sababu ndiyo kazi yangu. Tangu mwaka jana kila mgonjwa anayelazwa kwetu anapita kwanza mezani kwangu, namsomea maswali manne. Swali la tatu ndilo lenyewe: "Umelala hospitali yoyote, ndani au nje ya nchi, katika miezi kumi na miwili iliyopita?" Akisema ndiyo, nachukua kijiti chenye pamba, nampangusa kwenye kidonda kama anacho, halafu nampangusa kule nyuma anakotolea haja kubwa. Napeleka maabara. Mgonjwa anasubiri majibu siku mbili tatu katika chumba cha peke yake mwisho wa korido. Tunawatafuta bakteria sugu, wale wanaolelewa mahospitalini mpaka dawa haziwafanyi kitu. Mtu anaweza kuwabeba tumboni miezi mizima, anakula, anacheka, hana habari. Anayeumia ni jirani yake mwenye kidonda kibichi.

Akisema hapana, anakwenda wodini moja kwa moja. Mashine ya kupima uongo hatuna.

Ndiyo maana mimi siulizi mara moja. Watu wetu wanavuka mpaka kwenda Goma, upande wa Kongo, asubuhi na kurudi jioni, wengine wana shangazi huko, wengine wana daktari wao huko, na wanajua kuficha. Kile chumba wanakiogopa. Miaka ile ya Ebola upande wa pili, kila mtu aliyepita kituo cha mpakani, Grande Barrière, alipimwa joto na kunawishwa mikono, na tangu hapo ukimwambia mtu atakaa peke yake anaanza kuaga watoto. Kwa hiyo nauliza, nazunguka, nauliza tena kwa njia nyingine. Isimbi mwenyewe nilimuuliza mara tatu, damu ikimtoka na meno yakimgongana. Nikafungua hata sakoshi yake kutafuta karatasi za matibabu. Nikakuta mkasi, futi ya kupimia na ndizi moja. Sikuona aibu. Nilijisifu, tena. Mwiza, mwenzangu wa zamu, alikuwa akinitania kwamba serikali ingeniweka mimi pale mpakani ingepumzisha nusu ya askari wake.

Sasa nyumbani.

Mimi nililelewa Karagwe, Tanzania. Mume wangu Muhire na ndugu zake walitoka Kongo, upande wa Masisi. Tukikaa mezani nikasema "tafadhali nipatie chumvi," dada yake Umuhoza anajifanya anatafuta redio ilipo, eti kwa Kiswahili changu cha Tanzania amesikia taarifa ya habari. Tunacheka. Umuhoza anakaa kwetu, hana mume, ana moyo mkubwa kuliko akili, na ninamwambia hivyo usoni. Mama mkwe, mama Epiphanie, naye yuko kwetu, ana sukari, na kidonda cha unyayo ambacho nyumbani hakubali nikiguse. Muhire ni bwana shamba, kazi yake iko Kanzenze, viazi na pareto. Ni mtu mpole. Majirani wananiambia nilipata.

Jioni moja, nadhani tulikuwa tunakula isombe, yaani kisamvu, nikawaeleza kazi yangu mpya. Kwa mdomo wangu huu huu. Nikawasomea swali moja moja, nikawaambia lipi linapeleka mtu chumbani na lipi linampitisha, mpaka nikafika kwenye kijiti.

Umuhoza, wifi yangu huyo, akaweka kijiko chini. "Ayi wee! Belle-sœur, unaingiza kijiti kule? Hata kwa mama ya mutu?"

"Hata kwa mama wa mtu. Na askofu akija, namwambia ageuke."

Tulicheka mpaka Muhire akapaliwa. Mama mkwe peke yake hakucheka. Alivuta kitenge akafunika mdomo, akaangalia sahani. Nikasema moyoni, maskini, mtu mzima, nimemtia haya. Nikabadilisha mazungumzo.

Miezi miwili baadaye mama akaondoka. Nikaambiwa amekwenda Nyakiriba kwa dada yake, kumsaidia wakati wa kupanda, na hewa ya kule ni nzuri kwa miguu yake. Siku hizo hizo Muhire akaanza kuchelewa. "Viazi vimeshikwa na ugonjwa," akaniambia, "kila mulimaji anataka nione shamba yake." Viatu vyake vilikuwa na tope. Nilivisafisha mimi, kwa brashi, pale uani. Naomba mtu akumbuke hilo.

Mama akarudi, akakaa wiki, kidonda cha unyayo kikaanza kutoa maji. Jumatatu asubuhi wakamleta hospitali. Muhire alikuwa amemshika mkono wa kushoto, Umuhoza nyuma na mkeka, beseni la bluu na chupa ya chai, maana ndiye angekuwa murwaza wake, yule ndugu anayekaa na mgonjwa, kumwosha na kumlisha. Kwetu hospitali bila murwaza ni taabu, nani atakuogesha?

Nikawakalisha. Nikasoma swali la kwanza na la pili kama kwa mtu yeyote. Kisha la tatu.

Mama alifungua mdomo.

"Hapana," akasema Muhire. "Alikuwa Nyakiriba, we mwenyewe unajua."

"Namuuliza mama."

Mama aliniangalia. Halafu akaangalia mkono wake uliokuwa ndani ya mkono wa mwanawe. "Hapana, mukazana wangu," akasema. Hivyo ndivyo anavyoniita, mke wa mwanawe.

Nikafungua kidonda kukiona. Bandeji ilikuwa imefungwa vizuri mno, pembe zimekunjwa, plasta imekatwa sawasawa. Nikauliza nani amefunga.

"Mi," akasema Umuhoza. "Nilijifunza kwa video ya simu. Bon, si munasema mi sina akili?"

Akacheka, na mimi nikacheka. Nikaweka alama kwenye hapana, nikatia saini yangu, nikampeleka kitanda namba sita.

Ngoja niseme na langu, nisije nikaonekana malaika. Ile bandeji ilinichoma. Mkono wa muuguzi naujua nikiuona, na ule haukuwa mkono wa Umuhoza, ambaye hata kitunguu anakikata vibaya. Lakini jamani, yule ni mama mkwe wangu. Mimi hata chumba chake naingia nikipiga hodi mara mbili. Kumwambia avue, ageuke, nimpanguse pale, mimi, mke wa mwanawe? Jibu lilipokuja hapana nilimshukuru Mungu. Nilishukuru haraka mno, sikuangalia mara ya pili.

Isimbi hakuwa na murwaza. Mama yake analima Kanzenze, ana wadogo zake Isimbi wanne wa kulea, alikuja Jumapili tu. Huwa haiwi shida, maana katika wodi zetu murwaza wa mmoja ni murwaza wa wote. Ukichota maji ya wako unamchotea na jirani, ukimwosha wako unamwosha na wa pili. Umuhoza hakungoja kuombwa. Siku ya kwanza tu alimwosha Isimbi uso, siku ya pili mwili mzima. Beseni lile lile la bluu, kitambaa kile kile, kwanza mama, kisha Isimbi. Maji akibadilisha, kitambaa akikikamua. Akamsuka nywele. Isimbi akawa anamwita dada. Jioni Muhire alileta uji kwenye chupa, akamimina vikombe viwili, kimoja kwa mama yake na kimoja kwa Isimbi, akamtania kwamba akipona amshonee suruali isiyobana tumbo.

Nilipita pale na moyo ukanijaa. Nikamwambia Mwiza, "Unawaona watu wangu?"

Siku ya tano Isimbi akapata homa. Siku ya sita kidonda kikaanza kunuka. Wakachukua usaha wakapeleka maabara, wakamwekea dawa ya kawaida kwenye dripu, haikusaidia. Wakabadilisha kwa ile kali. Homa ikabaki pale pale, na mguu ukavimba kuzunguka vile vyuma.

Siku ya nane Daktari Rutagengwa akaja mezani kwangu na karatasi ya maabara. Huyu si mtu wa kupiga kelele. Akaiweka juu ya daftari langu. Safu nzima ya dawa, na mbele ya kila dawa neno moja: sugu, sugu, sugu.

"Gwiza," akasema, "nani ameingia na huyu mdudu?"

Nikatoa fomu zote za wodi. Hapana, hapana, hapana. Akaamuru wagonjwa wote wapanguswe siku hiyo hiyo. Mama mkwe nilimwachia Mwiza, naye akavuta pazia, akatoka kabla sijamaliza kuandika jina kwenye kichupa.

Siku ya kumi, saa sita mchana, majibu yakarudi. Mmoja tu, kitanda namba sita. Mama Epiphanie anawabeba, kidondani na tumboni, wale wale.

Daktari aliniita, akafunga mlango.

"Bakteria hawa hawakuota kwenye viazi vya Nyakiriba," akasema. "Huyu mama alitibiwa mahali. Nisikilize vizuri. Zimebaki dawa mbili za kujaribu, na figo za yule binti haziwezi kubeba zote mbili. Vifaa vya kupima ni dawa ipi inamuua mdudu hapa hatuna. Sampuli iko Kigali na hawajajibu. Kama kuna hospitali iliyomlaza mama yako, inawezekana walishapima. Karatasi hiyo nikiipata leo, naanza leo."

Mnajua nilimjibu nini? Nilisimama wima. Nilimwambia, "Daktari, mama mkwe wangu hajalala hospitali yoyote. Ningejua. Mimi naishi naye."

Akaniangalia kwa huruma, na ile huruma ndiyo iliyonikasirisha. Nikaomba ruhusa niende nyumbani mara moja. Mama alikuwa amehamishwa kwenye chumba cha peke yake, vitu vyake vya wodini vimechukuliwa kuchemshwa, alihitaji vitenge safi.

Vitenge vilikuwa ndani ya valisi yake chini ya kitanda. Sikuwa natafuta kitu, naapa. Nilivuta cha juu, na kati ya kitenge na kitabu cha nyimbo ukaanguka mfuko wa plastiki wenye karatasi mbili zilizokunjwa vizuri. Ya kwanza iliandikwa kwa Kifaransa, yenye muhuri wa hospitali ya Goma. Mgonjwa ametoka. Amelala siku kumi na moja. Ya pili ilikuwa ya maabara, safu ile ile ya majina ya dawa niliyoiona siku mbili kabla: résistant, résistant, résistant, sugu kwa Kifaransa. Isipokuwa mstari wa mwisho chini kabisa. Pale waliandika neno tofauti. Dawa hii inamuua mdudu.

Nikakaa kitandani kwa mama mkwe, mahali ambapo sijawahi kukaa.

Nikarudia karatasi ya kwanza. Chini, pale anapotia saini anayemchukua mgonjwa, kulikuwa na jina na saini. Saini ile naijua. Ina mkia mrefu unaorudi nyuma na kukata jina lenyewe. Ipo kwenye cheti chetu cha ndoa, kando ya yangu. Nikahesabu tarehe. Siku kumi na moja za viazi vya Kanzenze. Siku kumi na moja za tope nililolisugua mimi na brashi yangu.

Sikuondoka pale kitandani.

Muhire aliingia saa nane, chupa ya uji mkononi. Ya vikombe viwili. Akaniona nimekaa pale, akaona karatasi, na hakuuliza ni karatasi gani. Hilo tu lingenitosha.

"Mama Akaliza," akasema, kwa jina la binti yetu, na hutumia jina hilo akitaka kunituliza. "Acha nikuelezee."

"Nieleze."

"Kidonda kilikuwa kibaya. Docteur wa kule alimutibia mama zamani, yeye anamwamini. Tulisema tusikuumize kichwa, we una kazi mingi."

"Na mezani kwangu? Pale nilipouliza?"

Akaweka chupa chini. "We ndiye ulikuwa zamu. Ungemuvua mama yangu. Ungemuingizia ile kijiti. Mama aliniambia njiani, afadhali mi nikufe kuliko mukazana wangu anione pale. Nifanye nini? Nililinda heshima yake. Na yako. Kesho mungekaa meza moja namna gani?"

"Mwiza alikuwa chumba cha pili!" Nilipiga kelele, sitaki kudanganya, majirani walisikia. "Chumba cha pili, Muhire! Neno moja tu: Gwiza, mwite mwenzako. Ningemwita, ningetoka nje, ningekwenda kuangalia ziwa! Nani alisema lazima mkono uwe wangu?"

Hakuwa amefikiria hilo. Nilimwona usoni. Siku zote hizo, mwanamume mzima mwenye digrii ya kilimo, hakuwa amefikiria hilo.

"Isimbi alipopata homa," nikasema, "ulikuwa unajua?"

Akasogeza chupa ya uji kwa mguu.

"Ilipotoka karatasi ya maabara? Nilikwambia hapa hapa, tunakula. Nikakwambia daktari anatafuta nani ameleta. Ulikuwa umeshika kijiko. Ukasema pole."

"Niliogopa," akasema. "Kila siku nilisema kesho nitasema."

"Na ukampelekea uji."

Machozi yakamtoka. Mimi hayakunitoka, yalikuwa yamekauka kwa hasira. Akasogea, akakaa karibu, akashusha sauti, na hapo ndipo mume wangu aliponimaliza.

"Sikia. Bon, imeshafanyika. Donc tufanye hivi. Sema we ulisahau kumuuliza. Wagonjwa walikuwa mingi, ulichoka, ulisahau. We ni mutu wa pale, batakusamehe, batakupa onyo tu. Lakini mama akisikia kila mutu anasema ni yeye ndiye aliharibu mutoto ya batu, atakufa na haya. Umuhoza naye anakubali. Tumeongea."

Tumeongea! Yaani walikaa. Walikaa chini ya paa langu, mume na wifi, wakapanga nani atolewe kwa ajili ya nyumba, wakaona ni mimi. Wifi niliyemsifia mpaka kwa wafagiaji wa hospitali. Na akili yote ya kutuzunguka niliwapa mimi, kwenye meza ile ya isombe, nikiwasomea swali moja moja kama mwalimu.

Akanyoosha mkono kuelekea karatasi. Sidhani alitaka kuichana, Muhire si mtu wa hivyo. Lakini mkono ulikwenda. Nikazikunja zote mbili nikazitia kifuani, nikatoka nje bila vitenge, nikadandia moto, pikipiki ya abiria, ya kwanza iliyopita.

Rutagengwa alisoma amesimama. Akaita mtu wa dawa pale pale, kabatini zikapatikana dozi mbili, nyingine zikaagizwa Kigali zije na gari la jioni. Isimbi akaanza dawa saa kumi. Ndipo daktari akakaa, akavua miwani.

"Ingeletwa siku ile ya homa," akasema, "ingeokoa mguu. Leo inaokoa mtu."

Asubuhi yake wakaukata, chini kidogo ya goti.

Siku mbili sikuweza kuingia kwa mama mkwe. Siku ya tatu nikavaa glavu na gauni la plastiki, nikaingia. Alikuwa amekaa kitandani, mdogo, kitenge begani. Hakungoja salamu.

"Nilitaka kusema," akasema. "Pale kwa meza yako. Maneno ilikuwa hapa." Akagusa koo. "Muhire akanikamata mukono, akabana. Nikafikiri, mutoto wangu anajua."

Nikakaza kamba ya gauni langu.

"Na ile kitu yenyewe," akaendelea, "Mwiza alikuja akavuta rido, akaniambia mama geuka, akamaliza. Hata dakika moja haikufika." Akaniangalia kama anayetaka nimsaidie hesabu. "Mukazana wangu, ni ile tu? Mutoto ya batu amekatwa muguu juu ya ile tu?"

"Ni hiyo tu, mama."

Akajifunika uso na kitenge. Nilimpangia blanketi miguuni, nikatoka. Kumbembeleza sikuweza, na kumfokea sikuweza.

Nikaandika ripoti. Muhire alikuja mapokezi, akasimama pale wanaposimama wagonjwa, kofia mkononi.

"Utaandika jina yangu?"

"Jina lako umeliandika mwenyewe," nikamwambia. "Goma. Mimi nabandika karatasi tu."

Nikamwita anayefuata. Na nyumbani sasa tunalala vyumba viwili, mimi na Akaliza huku, yeye kule. Umuhoza amekwenda Nyakiriba, safari hii kweli.

Lakini nilisema nianze na mguu, basi nimalizie hapo.

Isimbi nilimkuta ameketi, homa imeshuka, anakula chungwa. Shuka upande wa kulia lilikuwa limelala bapa kuanzia chini ya goti. Wagonjwa wengine walikuwa wamehamishwa, na kitanda namba sita kilikuwa kitupu, kimesuguliwa kwa dawa. Aliponiona akatabasamu, na akaniuliza swali moja ambalo nilitamani asiniulize.

"Dada Umuhoza iko wapi? Hakuya siku nne. Muambie asiwe na huzuni juu yangu. Kuko cherehani ya umeme, mama anasema tutatafuta. Gauni ya kwanza nitashonea yeye, juu hakuna mutu alinifanyia vile alinifanyia."

Nikavuta kiti. Nikasema moyoni, Gwiza, hapa hakuna kusema kesho. Nikamwambia. Goma, siku kumi na moja, mkono ulioshikwa, beseni la bluu, karatasi iliyolala ndani ya valisi siku kumi. Nilimwambia kwamba walionidanganya ni mume wangu, wifi yangu, mama mkwe wangu, watu ninaokula nao. Nilipofika hapo, nikiri, nilitaka anionee huruma kidogo. Nilitaka angalau mtu mmoja aseme, pole, walikuuza.

Isimbi aliliweka chungwa juu ya shuka. Alikuwa anaangalia mkono wangu, ule wa kulia, wa kuandikia.

"Ulimuuliza?" akasema.

"Nilimuuliza."

"Mara ngapi?"

Nikauficha mkono ule mapajani.

"Mi uliniuliza mara tatu," akasema, polepole, bila hasira hata kidogo. "Nilikuwa nalia, mufupa iko inje. Ukafungua mupaka sakoshi yangu."

Nikamwambia ndiyo, nakumbuka. Akageuza uso upande wa dirisha, akaniomba nimletee maji ya kuoga, na beseni ambalo halijatumiwa na mtu.